Hata Tone Moja Lisitoke

Kama kuna kitu kilichomkera Lucian hapa duniani kuliko kuku wa jirani, basi ni kitu kinachovuja. Na hiyo ndiyo kazi iliyomlisha. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa msoma mita wa mradi wa maji kule Janga, wilaya ya Kibaha, na hakuna bomba lililowahi kudondosha maji mbele yake akalinyamazia. Atashuka kwenye pikipiki, atachuchumaa, atalitazama tone likianguka, na la pili, na la tatu, kisha atamwita mwenye nyumba kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. "Mama, njoo uone. Hii ni nini? Hebu niambie mwenyewe, hii ni nini?"

Sasa sikia vituko. Mtu huyo huyo alikuwa anatembelea pikipiki inayovuja petroli!

Ilikuwa pikipiki ya Kijapani, ya zamani, kubwa kwa umri kuliko kitinda mimba wake, na injini yake ilikuwa nzima kabisa. Kilichokwisha ni mpira wa mfuniko wa tenki. Ulikuwa umekauka, umepasuka, na kipande kimoja kilishadondoka hakijulikani wapi. Ukijaza mafuta, kila shimo la barabarani linarusha tone, tone linateleza juu ya tenki, na linaishia pale pale ambapo mwanamume mwenye heshima zake hapendi kulowa. Dawa ya Lucian ilikuwa tambara. Tambara likishalowa, analikamua, anafunga lingine. Akina mama wa Janga walishamjua, na siku akimwandikia mmoja wao bomba bovu, hakosi kujibiwa: "Sawa, Bwana Mita. Na hiyo ya kwako inasoma ngapi?" Lucian anapiga kiki na kuondoka bila kuaga.

Mkewe Vailet ndiye aliyechoka kuliko wote, maana yeye ndiye anayefua. "Lucian, usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Nitaziba."

"Lini?"

"Mke wangu, nimesema nitaziba!"

Miaka miwili hiyo. Miaka miwili anaziba kwa mdomo.

Kilichomfanya azibe kweli ni msiba. Alhamisi jioni alipigiwa simu na Evaline wa Kisarawe, binti wa mwisho wa Mwalimu Sospeter. Alipoona jina lake tu kwenye simu, Lucian alijua. Mwalimu alikuwa na miaka themanini na minne na tangu Pasaka alikuwa hatoki kitandani. "Kaka Lucian," Evaline akasema, "baba ametuacha." Lucian akakaa chini pale pale uani, juu ya ndoo iliyofunikwa, akalia, na wala hakujificha mbele ya wanawe.

Huyu Mwalimu Sospeter hakuwa mwalimu wa darasani. Alikuwa mwalimu wa matarumbeta wa usharika wa Kilutheri, na kwa miaka arobaini hakuna harusi wala mazishi ya Mkristo katika vilima vya Kisarawe yaliyopita bila vijana wake kupuliza. Alimpokea Lucian akiwa na miaka kumi na minne, yatima, anakaa kwa mjomba ambaye hakuwa na habari naye. Mwalimu alimpa tarumbeta, akampa na chakula cha jioni, kila siku ya mazoezi, na mazoezi yalikuwa siku nne kwa wiki. Ukimuuliza Lucian nani alimlea, hatakutajia mjomba.

Lakini siku hizi matarumbeta yamekufa. Wapigaji wazee wamefariki, wengine wamehamia Dar, na vijana wamekimbilia kinanda cha umeme kwa sababu hakiumizi midomo. Tarumbeta za usharika zimelala sakristia, kile chumba cha nyuma ya kanisa, zimeota kutu ya kijani. Kati ya wanafunzi wote wa Mwalimu, aliyebaki na tarumbeta yake na pumzi ya kuipuliza ni mmoja tu.

"Baba ameacha neno," Evaline alisema siku ile. "Kaburini hataki kwaya, hataki kinanda. Anataka tarumbeta ya kaka Lucian, wimbo wake ule ule. Basi. Ni Jumamosi, saa tisa kaburini. Na kaka, tafadhali, anayezika ni Mchungaji Wilfred."

Lucian akaelewa. Nchi nzima hii shughuli ya saa nne inaanza saa saba, na mtu akifika kwa wakati anaulizwa kama amelala hapo hapo. Lakini Mchungaji Wilfred, sijui alilelewa wapi, anazika kwa saa ya mkononi. Akisema tisa ni tisa, hata kama mfiwa mwenyewe yuko chooni.

"Mwambie mama nitakuwepo," Lucian akasema. "Nitampigia Mwalimu tarumbeta yake. Hata nikifa njiani nitampigia."

Jumamosi alivaa suti yake nyeusi, ile ya kanisani, na shati jeupe ambalo Vailet alilipiga pasi mara mbili. Tarumbeta aliifunga mgongoni kwenye mfuko wa blanketi. Vailet alimshauri apande basi. Lucian akamuuliza basi gani litoke Janga liende Kisarawe, labda linapita mbinguni. Ingembidi ashuke Mbezi, azunguke kule Gongo la Mboto, apandishe Pugu, siku iishe. Kwa pikipiki ni Mlandizi, Kibaha, Kiluvya, unakunja kulia, unapanda vilima, umefika. Saa moja na nusu, ukienda polepole. Akatoka saa nne asubuhi, ana nafasi ya kutosha kuzika watu wawili.

Akafika Mlandizi, akajaza tenki sheli. Alipokuwa anatoka, gurudumu likaruka tuta, na petroli ikaruka kutoka kwenye mfuniko ikamwagika kwenye suruali nyeusi.

"Loo!" Lucian akapiga kelele mpaka muuza karanga akageuka. Akajitazama. Suti ya mazishi. Suti ya kumzikia Mwalimu! Miaka miwili ya hasira ikampanda kwa mara moja. Akasema leo, leo hii, pikipiki hii haitoki Mlandizi mpaka mfuniko huu uzibwe.

Akaenda kwa Rahma, mwenye duka la vipuri. Dada mmoja mtaratibu sana, na siku hiyo utaratibu wake ulimtia Lucian wazimu.

"Nataka mpira wa mfuniko wa tenki."

Rahma akautazama mfuniko, akaugeuza. "Mpira peke yake hauuzwi, kaka. Unauzwa mfuniko."

"Mfuniko ninao. Huo hapo mkononi mwako."

"Ndiyo, lakini mpira uko ndani ya mfuniko. Na mfuniko nao hauuzwi peke yake, kwa sababu ya ufunguo. Unauzwa pamoja na swichi na kufuli la usukani. Seti."

"Kwa hiyo mimi, ili nipate kampira kadogo kama biskuti, nibadilishe pikipiki nzima?"

"Si nzima, kaka. Seti."

"Dada Rahma, mtu akitobokewa soksi, mnamuuzia na mguu?"

Rahma akacheka, akamwambia seti yenyewe ya pikipiki ile hana, labda Kariakoo. Lucian akashukuru kwa namna ambayo haikuwa shukrani, akasukuma pikipiki hadi kwa fundi Ipyana, mtu wa Tukuyu aliyeweka kijiwe chake chini ya kibanda cha mabati nyuma ya soko. Ipyana akasema mpira tu? Huo ni wa kukata. Akatafuta tyubu ya lori, akatafuta mkasi, mkasi ukawa kwa jirani, jirani akawa anakunywa chai. Saa tano ikapita hivi hivi. Hatimaye akachora, akakata pete nzuri kabisa, yenye tundu katikati, akamwonyesha Lucian.

Na hapa ndipo mambo yalipoharibika, na mharibifu si Ipyana.

"Na hapa katikati?" Lucian akauliza, ameingiza kidole kwenye tundu.

"Hapo panabaki wazi, mzee. Hata ule wa zamani ulikuwa hivyo."

"Wa zamani ulikuwa unavuja!"

"Ulivuja kwa sababu umechakaa, mzee, si kwa sababu ya tundu."

"Fundi, mimi kazi yangu ni mivujo. Miaka kumi na tisa. Penye tundu panavuja, hilo halina shule. Nikatie mzima. Mzima kabisa, kama sahani. Hata tone moja lisitoke."

Ipyana akaguna. Lakini mteja ni mteja, na mteja huyu alikuwa na suti, tarumbeta na macho mekundu. Akakata duara zima lisilo na tundu, akalipaka gundi, akaligandamiza ndani ya mfuniko likajaa kote. Wakafunga. Wakailaza pikipiki ubavu. Hakuna tone. Wakaitikisa kama wanaitafutia hela mfukoni. Hakuna tone! Lucian alifurahi mpaka akampa Ipyana mkono mara mbili. Ilikuwa saa sita na dakika chache. Bado ana nafasi.

Alipokaribia Visiga, pikipiki ikakohoa, ikavuta kidogo, ikazima.

Akapiga kiki. Wapi. Akapiga tena, akapiga mpaka shati likamganda mgongoni. Ng'ambo ya barabara palikuwa na fundi mmoja mnene ameketi juu ya tairi, akaja bila haraka. Akafungua mfuniko, akachungulia, akafunga. "Mafuta yapo." Akachomoa plagi, akaipuliza, akaisugua kwa msasa, akairudisha. Kiki moja, ikawaka.

"Plagi hiyo, mzee," fundi akasema, kifua mbele. "Umekaa nayo muda mrefu."

Lucian akamshukuru Mungu, akamshukuru na fundi, akaondoka. Akaenda vizuri, upepo unampiga, akaanza hata kuupitia ule wimbo moyoni. Akafika Maili Moja pale Kibaha mjini. Ikakohoa. Ikazima.

"Aka!" Lucian akasema kwa sauti. "Si tumeshaongea jamani!"

Anaongea na pikipiki, watu wanamtazama. Akaisukuma hadi kwa fundi mwingine, kijiwe chenye watu wengi, na fundi mwenyewe anaitwa Onesmo na anaheshimika, maana alikuwa na kiti cha plastiki. Onesmo naye akafungua mfuniko, akachungulia, akafunga. "Mafuta yapo." Lucian akasema najua yapo, nimeyalipia. Akamweleza habari ya plagi. Onesmo akacheka kwa huruma, ule mcheko wa fundi anayesikia kazi ya fundi mwenzake. "Plagi? Nani kakudanganya plagi? Hii ni kabureta."

Akaifungua kabureta, vipande vikatandazwa juu ya gazeti, na mbele ya Lucian akaweka punje tatu za mchanga. "Unaona uchafu huu, mzee? Huu ndio unaokuua." Lucian akazitazama punje tatu. Zilikuwa ndogo mno kumuua mtu, lakini abishe nini? Saa zinakwenda.

"Sasa vuta huu mpira wa mafuta kwa mdomo," Onesmo akasema, "tuone kama njia iko wazi."

"Vuta wewe."

"Mimi nimeshika huku."

"Fundi, mdomo huu una kazi leo. Petroli haipiti hapa." Akaonyesha mfuko wa tarumbeta. Onesmo akabetua mabega, akapuliza kwa pampu, akafunga vyote. Kiki mbili, ikawaka. Kijiwe kizima kikashangilia. Lucian hakushangilia. Saa yake ilisema saa nane kasoro dakika tano.

Akakimbiza kwa mwendo ambao umri wake haukuuruhusu. Kiluvya akakunja kulia, akaanza kupanda vilima, mikorosho huku na huku, nyumba moja moja. Simu ikatetemeka mfukoni. Akasimama kuipokea, na injini nayo ikapata kisingizio, ikazima.

"Kaka uko wapi?" Evaline alikuwa ananong'ona, nyuma yake sauti ya Mchungaji inasoma. "Ibada inaelekea mwisho."

Sasa hapa Lucian alifanya kosa ambalo sisi sote hulifanya, na tutalifanya hata siku ya kiyama. Yuko mlimani, pikipiki imezima, hakuna mtu, hakuna fundi, na akasema: "Nimeshafika. Niko hapa hapa chini. Dakika tano."

Akakata simu, akapiga kiki. Hakuna kitu. Saa nane na nusu.

Akaitukana. Nisikufiche, aliitukana pikipiki matusi ambayo mzee wa kanisa hatakiwi kuyajua, tena kwa mpangilio. Akakagua plagi, kavu na safi. Akachomoa mpira wa mafuta: petroli haitoki. Tenki limejaa, ukilitikisa unaisikia inacheza ndani, na chini haitoki hata tone moja! Saa ikafika tisa kamili. Hapo Lucian akasema liwalo na liwe, akaweka mpira mdomoni akavuta kwa nguvu zote za kifua chake. Petroli ikaja kwa ghafla, ikamjaa mdomoni, ikamchoma midomo na ulimi. Akatema, akakohoa, akatokwa machozi. Na ilipomaliza kumchoma, ikaacha tena kutoka.

Basi akasema afungue juu, apulize kutokea huko. Akazungusha ufunguo, akainua mfuniko.

*Fyuuu.*

Akaganda. Mafundi wawili walikuwa wamefungua mfuniko ule leo, kwenye kelele za malori, hawakusikia kitu. Lakini hapa palikuwa kimya, na masikio haya yalikuwa ya mpiga tarumbeta. Mtu aliyepuliza miaka arobaini haambiwi hewa inakwenda wapi. Ile *fyuuu* haikuwa hewa inayotoka. Ilikuwa inaingia. Tenki lilikuwa linavuta pumzi, kama mtu aliyezuiliwa chini ya maji akaachiwa.

Akaugeuza mfuniko akautazama. Duara zima. Mzima kabisa, kama sahani.

Hata kopo la maziwa linatobolewa matundu mawili. Kila mama wa Janga anajua hilo: moja la kumiminia, moja la hewa, la sivyo maziwa hayatoki. Mafuta yalikuwa hayashuki kwa sababu hewa haikuwa na pa kuingilia, na kila fundi aliyefungua mfuniko kuchungulia alikuwa amelitibu tenki bila kujijua, kisha akaisifia plagi, kisha akaisifia kabureta. Haikuwa plagi. Haikuwa kabureta wala punje tatu za mchanga. Ilikuwa Lucian. Ni yeye aliyeambiwa tundu ni la kawaida akajibu penye tundu panavuja, hilo halina shule.

"Mpumbavu mimi," akasema. "Mpumbavu mkubwa mimi."

Akaubandua ule mpira kwa kucha, akautupa mikoroshoni, akafunga mfuniko mtupu juu ya tenki lililojaa, akarudisha na mpira wa mafuta mahali pake. Kiki moja, ikawaka. Akampigia Evaline kumwambia wamsubiri kidogo tu. Simu ikaita, ikakatwa. Akapiga tena. Ikaita, ikakatwa. Akaitia mfukoni akaondoka, na kila shimo la njia ile lilimrushia petroli kwenye suti, tumboni, mapajani, na hakujali tena.

Alifika saa kumi kasoro dakika kumi.

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, kwenye shamba la Mwalimu mwenyewe. Watu walikuwa wameshaondoka pale, wako mbele chini ya maturubai, sahani zinagongana. Udongo mwekundu ulikuwa umeshapigwapigwa na kusawazishwa, mashada yameshawekwa, msalaba umeshasimama. Mchungaji Wilfred alishakwenda zake, alikuwa na maziko mengine saa kumi. Lucian akasimama pale ananuka kama sheli. Hakuweza hata kulia, kwa hasira.

Evaline akaja. Macho yake yalikuwa yamevimba, na sauti haikuwa ya mtu mwenye huruma.

"Ulisema dakika tano."

"Evaline, pikipiki..."

"Tulimwomba Mchungaji. Nikamwambia yuko hapo chini, ameshafika. Akatupa dakika kumi. Dakika kumi, kaka, jeneza limeshashuka, watu wamesimama juani wanatazama njia." Akajifuta. "Wewe ungesema ukweli, ningemtuma mtu akufuate. Basi wakaweka wimbo kwenye simu yangu, wakaunganisha na spika ya mwenye maturubai."

"Spika?" Lucian akasema. "Mwalimu Sospeter amezikwa na spika?"

"Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Ubeti wa pili ukakatika, spika ikaanza kuita. Ule mlio wangu wa simu, ule wa muziki wa kucheza, juu ya kaburi la baba, kwa sauti ambayo nadhani imesikika mpaka Pugu. Nikakata. Wimbo unaanza tena, simu ikaita tena. Mchungaji akasema basi, tuendelee." Akamtazama. "Ulikuwa wewe."

Lucian akashika kichwa. Wimbo mmoja alioombwa na aliyemlea, kwanza hakuupiga, kisha akaukata, tena mara mbili.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Alikuwa Bibi Yosefina, mjane wa Mwalimu, ameshikiliwa mkono na wajukuu. Hakuonekana kama mtu aliyekuja kusuluhisha. Aliwaambia wajukuu wamletee kiti, akakaa karibu na mashada, akamtazama Lucian kuanzia viatu hadi kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unanuka."

"Ndiyo, mama. Pole sana, mama. Nisamehe."

"Umekuja na tarumbeta?"

"Nimekuja nayo."

"Sasa unangoja nini?"

"Mama, wameshamzika."

"Kwani mimi nimekuuliza hilo?" akasema Bibi Yosefina. "Mimi nilikuwepo. Nimeona. Nimekuuliza unangoja nini."

Lucian akafungua mfuko wa blanketi. Aliweka tarumbeta mdomoni na mara akajua kuna shida. Mdomo wa juu ulikuwa umevimba kwa ile petroli, unawaka, na hausikii kitu. Kwenye maturubai watu walikuwa wameacha kula, wengine wamesogea kwenye kona ya nyumba. Akavuta pumzi akaanza. Mstari wa kwanza ukatoka, mzito lakini ukatoka. Wa pili ukatoka. Wa tatu unapanda, na pale juu kabisa mdomo ukamtupa. Tarumbeta ikalia kama mbuzi.

Lucian akasimama. Hakuamua kusimama. Katika maisha yake yote, mbele ya Mwalimu, sauti ikivunjika unasimama, unabaki na tarumbeta yako mdomoni, hujitetei, unangoja. Na kutoka kwenye kile kiti chake cha mazoezi Mwalimu atasema neno moja tu. Akabaki amesimama hivyo anangoja. Akangoja neno ambalo hakuna wa kulisema. Tangu Alhamisi alikuwa anajua kwamba Mwalimu amekufa, alikuwa ameambiwa, alikuwa amelia, amevaa na suti. Lakini ni pale, midomo inamuuma, ndipo alipopata habari. Machozi yakamshuka hadi kwenye shaba.

Bibi Yosefina alikuwa amekaa jikoni miaka arobaini, dirisha wazi, anapika chakula cha wapuliza matarumbeta, siku nne kwa wiki.

"Umekosea hapo juu," akasema. "Rudia."

Lucian akapangusa mdomo kwa mkono wa suti, akarudia toka mwanzo.